Kwa nini tunaweka y = 0 tunapotafuta mahali mstari unapokata mhimili wa x?

Swali:
Ndugu wanajukwaa, nimepewa mlinganyo 3x − 4y = 24 nitafute nukta ambazo mstari wake unakata mihimili. Nimeelekezwa kuweka y = 0 ili nipate x, kisha x = 0 ili nipate y, jambo ambalo kwangu linaonekana limegeuzwa. Nilipata 8 na 6, lakini mstari niliouchora unashuka kuelekea kulia, ilhali wa kitabu unapanda. Nimekosea wapi?

Jibu la kwanza:
Utaratibu haujageuzwa, ndugu yangu. Nukta yoyote iliyo kwenye mhimili wa x haijapanda wala kushuka kutoka kwenye mhimili huo, kwa hiyo y yake ni 0 daima. Unapoweka y = 0 huifuti y, bali unatafuta ile nukta ya mstari iliyoko pia kwenye mhimili. Hapo 3x = 24, nawe ulipata 8 kwa usahihi. Kosa liko katika hatua ya pili: ukiweka x = 0 kinachobaki ni −4y = 24, kwa sababu alama ya kutoa inakwenda pamoja na 4, hivyo y = −6.

Jibu la pili:
Nakubaliana naye. Mimi huandika nukta kamili, (8, 0) na (0, −6), kwani namba tupu ni rahisi kuziweka kwenye mhimili usio wake. Tena hutafuta nukta ya tatu ya kuhakiki: x ikiwa 4, y ni −3, na (4, −3) iko katikati kabisa ya zile mbili. Kwa ile 6 yako isingeangukia kwenye mstari, na kosa lingeonekana mapema.

Muulizaji:
Nashukuru sana, sasa mstari wangu unapanda. Hata hivyo, 2x + 5y = 0 inanipa 0 kote kuwili.

Jibu la kwanza:
Ni sahihi: mstari huo unapita kwenye makutano ya mihimili, (0, 0), nayo ni nukta moja tu, haitoshi kuuchora. Chagua x = 5 upate y = −2, kisha unganisha. Usiuchanganye na mstari kama y = 4, ambao ukiweka y = 0 unapata 0 = 4, jambo lisilowezekana, kwa kuwa uko sambamba na mhimili wa x na haukutani nao popote.