Hilux ya zamani (3L): asubuhi inakataa kuwaka, stata inalia "tak", taa ya chaji hafifu, breki ngumu

Makambako_Juu
Wakuu, naomba mwongozo. Pikapu ni Hilux dizeli, injini 3L (jina la injini, si lita tatu), pampu ya sindano (inayosukuma dizeli kwenye nozeli) ya kawaida isiyo na kompyuta, ipo Njombe. Asubuhi stata inazungusha vizuri lakini injini haishiki mpaka upige stata kwa muda mrefu. Ikishawaka, kutwa nzima haisumbui. Mara mojamoja ufunguo ukizungushwa unasikia "tak" moja tu, ukirudia mara kadhaa ndipo inazungusha. Taa ya chaji inabaki hafifu injini ikiwa sailensa (inawaka bila kukanyaga mafuta), na pedali ya breki imekuwa ngumu. Usiku ukiwasha indiketa ya nyuma kulia, taa ndogo za upande huo nazo zinapepesa. Betri ni mpya. Gereji wanataka kushusha pampu ikapimwe na kubadilisha altaneta (inayochaji betri). Nianzie wapi?

dizeli_kavu
Pampu iache hapo ilipo kwanza. Pampu za aina hii zikichoka, kwa kawaida husumbua kuwasha injini ikiwa ya MOTO, kwa sababu dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi na kuvuja pembeni ya plunja (pistoni ndogo ya ndani ya pampu). Ya kwako ni kinyume chake.

Mwambie mtu apige stata wewe uangalie ekzosi. Kukiwa na moshi mweupe mwingi, dizeli inafika ila haishiki moto: shuku hita plagi (zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha), au kompresheni (mgandamizo wa hewa kwenye silinda). Ikiwa hakuna moshi kabisa, dizeli haifiki: hewa imeingia kwenye njia ya mafuta, au solenoidi (valvu ya sumaku ya umeme) ya kukata mafuta juu ya pampu haifunguki. Hiyo solenoidi ina waya mmoja. Washa swichi bila kupiga stata, gusisha ule waya na kuutoa. Lazima usikie mlio mdogo wa "tik". Usiposikia, pima kama umeme wa volti 12 unafika. Isipofunguka injini haitawaka hata ukiisukuma.

Hita plagi: fungua bamba linaloziunganisha zote nne, kisha pima moja moja kwa mita, kutoka kwenye ncha hadi kwenye injini. Nzima inasoma karibu na omu 1 au chini yake. Ikisoma wazi (umeme haupiti), imekufa. Usizijaribu kwa kuzipa umeme wa betri moja kwa moja kabla hujasoma volti iliyoandikwa kwenye mwili wake. Kuna za volti pungufu ambazo ukizipa 12 zinaungua palepale. Wengi wameua plagi nzima kwa "kuzipima". Ukinunua, nunua za volti ileile ya zilizotoka. Kwa Dar mtu anaweza kuishi na mbili zimekufa asijue, lakini kwa baridi ya Njombe mwezi wa Julai huwezi.

FundiWaya
Upande wa umeme nijibu mimi.

"Tak" moja bila kuzunguka: pima volti za betri wakati huo mtu ameshikilia ufunguo. Zikibaki juu ya 12, betri haina kosa. Hamia kwenye waya mwembamba unaoingia kwenye stata. Ukiona 8 au 9 tu pale ufunguo ukiwa umezungushwa, umeme unapotelea kwenye swichi ya ufunguo au viunganishi vyake. Weka rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya msaada, bei yake ndogo. Ukiona umeme wa kutosha na bado inalia "tak", ni vishaba vya ndani ya stata vimelika. Toa waya wa hasi wa betri KWANZA, shusha stata, fungua kifuniko cha solenoidi ya stata. Ndani kuna vipande viwili vya shaba. Cha upande wa betri ndicho kinacholika zaidi. Badilisha vyote viwili na uangalie sahani ya shaba ya plunja (fimbo inayovutwa na solenoidi), isiwe na shimo. Ukibadilisha kimoja tu vinakuwa na vimo tofauti, sahani inagusa upande mmoja na tatizo linarudi.

Kabla ya kushusha chochote, pima eathi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) pia: mita ya volti, ncha moja kwenye hasi ya betri yenyewe (siyo kwenye klemu), nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ikizidi volti 0.5, waya wa eathi umeoza au bolti yake ina kutu.

Indiketa kupepesa pamoja na taa ndogo ni eathi ya taa za nyuma. Umeme ukikosa njia ya kurudi unapitia kwenye balbu ya jirani. Fuata waya mweusi au mweupe wenye mstari mweusi hadi ulipofungwa kwenye bodi, kwangua kutu mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi.

Makambako_Juu
Asanteni. Moshi hakuna kabisa, na solenoidi inalia. Ile pampu ya mkono juu ya filta, asubuhi inabonyea laini mara nyingi ndipo ikaze. Ukiibonyeza mpaka ikaze kisha ukapiga stata, inawaka mara moja.

dizeli_kavu
Basi ni hewa, dizeli inarudi kwenye tanki usiku. Pampu ya sindano haihusiki. Weka kipande cha mpira unaopitisha mwanga, unaohimili dizeli, kati ya filta na pampu, uangalie mapovu injini ikiwa sailensa. Mara nyingi ni mipira mifupi iliyokauka na kupasuka chini ya klipu, au kiwambo cha hiyo pampu ya mkono. Mipira midogo ya kurudisha mafuta juu ya nozeli nayo ibadilishe yote, haigharimu kitu. Mahali pa hewa kuingia si lazima pavuje dizeli nje, kwa hiyo usidanganywe na ukavu.

Ukiwa hapo, legeza kizibo cha chini ya filta, bonyeza mpaka maji yaishe itoke dizeli safi, ukaze kwa mkono.

FundiWaya
Taa ya chaji na breki ngumu usizitenganishe. Kwenye injini hii pampu ya vakyumu (mvuto wa hewa unaolainisha pedali) ya breki imefungwa nyuma ya altaneta na inalainishwa na oili ya injini. Sili ikichoka, oili inaingia ndani na kulowesha kaboni brashi: chaji inashuka, na vakyumu nayo inaweza kuwa dhaifu. Angalia kama altaneta imelowa oili chini. Pima chaji: inatakiwa volti 13.8 hadi 14.4. Usipime kwa kuchomoa betri injini ikiwaka, unaua dayodi.

Kwa breki: injini imezimwa, kanyaga mara tano, shikilia, washa. Pedali ikishuka kidogo, busta (kisaidizi cha breki) inapata vakyumu. Isiposhuka, chomoa mpira mkubwa wa busta injini ikiwaka uone kama unavuta kidole. Usipovuta, tatizo ni pampu au mpira wake. Ukivuta vizuri, ni valvu ya njia moja au busta yenyewe.

Kwa hiyo altaneta huenda inahitaji sili, brashi na bearing tu. Brashi mpya hutokeza milimita 10.5, ikibaki 1.5 imekwisha. Mpira wa kurudisha oili uhakikishe haujaziba, la sivyo sili mpya itavuja tena. Ukilazimika kununua nyingine, usikubali isiyo na pampu nyuma hata kama bei ni nusu. Gari litachaji na halitakuwa na breki za maana. Mimina oili kidogo kwenye tundu la pampu kabla ya kufunga, isianze ikiwa kavu.

koni_ya_chini
Kama hujui belti ya taimingi ilibadilishwa lini, ibadilishe sasa pamoja na tensheni (kikazio) yake. Kawaida ni kila kilomita 100,000, na ikikatika hapo valvu zinagonga pistoni.