Naomba ushauri: kupunguza kelele za pikipiki za porini kabla hatujafungiwa njia (Tabora)

Wakuu, heshima kwenu. Tunaendesha pikipiki za porini, 250 cc za stroki nne, kwenye miombo nje ya Tabora mjini. Wafuga nyuki wanalalamikia kelele, na kijiji kinataka kutufungia njia. Kwa kweli wana haki.

Tumefungua ekzosi moja: pamba ya kioo imeungua, imebaki kama majivu yaliyoshikana na oili, na matundu ya bomba la ndani yameziba nusu. Pamba ikiisha, sauti inagonga bati tupu. Fundi anataka kujaza stiliwaya za kuoshea sufuria. Nasita, maana nyuzi zake ni nyembamba, huungua na kutoka kama cheche, na kiangazi majani ya huku ni baruti.

Naombeni mnisaidie:

Pamba ya kioo inayostahimili joto inapatikana wapi, Tabora au Mwanza? Ya dari nahofia gundi yake itaungua mapema. Na mnaikazaje? Ikilegea inapeperushwa, ikibanwa sana hainyonyi sauti.

Kuna aliyefunga wavu wa kuzuia cheche bila injini kukosa pumzi?

Tunapima kwa simu, sm 50 kutoka mdomo wa ekzosi, pembe ya digrii 45. California kikomo ni desibeli 96 kwa pikipiki za kuanzia 1986. Maikrofoni ya simu mnailinganishaje?

Msafara tumeshaupunguza toka pikipiki nane hadi nne. Hapo kelele zimeshuka desibeli 3 tu.