Wadudu weusi kwenye mahindi: nipulize dawa au niwaache?

Mama Akello, Bweyale: Habari zenu wakulima. Mahindi yamefika magotini na viwavijeshi wameshaingia kwenye moyo wa mmea. Sasa jioni naona wadudu weusi wakubwa wanakimbia katikati ya mistari. Ukimshika anatoa harufu kali, haitoki mkononi hata kwa sabuni. Jirani anasema ndio wanaokata mizizi. Nipulize?

Mzee wa Masindi: Weka pampu chini, mama. Inaelekea huyo ni mbawakawa wa jenasi (kundi la ndugu wa karibu) ya Calosoma, mwindaji wa viwavi. Mtazame mdomoni: taya kama koleo, za kukamatia nyama. Mizizi hana habari nayo. Hata lava wake, yaani mtoto wake, anawinda, tena humfuata kiwavi mpaka udongoni. Wamarekani walimwagiza ndugu yake, Calosoma sycophanta, kutoka Ulaya kuanzia 1905, apambane na viwavi waliokuwa wakimaliza majani ya miti huko New England. Sisi tunao wetu, bure, halafu tunawaua!

Kijana wa Kigumba: Kwa hiyo dawa basi kabisa?

Mzee wa Masindi: Sijasema hivyo. Kiwavi akiwa ndani ya moyo wa mhindi, mbawakawa hamfikii vizuri. Anamnasa akihama mmea au akishuka ardhini kuwa pupa, yaani kabla ya kugeuka nondo. Viwavi walio ndani waminye kwa vidole asubuhi. Na mabua ya zamani usiyachome, mbawakawa hujificha chini yake.

Mama Akello, Bweyale: Asante mzee. Kuku wangu je? Wanawadonoa hao weusi.

Mzee wa Masindi: Kuku wafungie.