Bao analimudu lakini hesabu za daftari zinamshinda, nifanyeje?

MamaLangoni: Asalaam aleikum jamani, naomba msaada manake kila usiku ni machozi. Mwanangu yuko gredi 3 na si mjinga wallahi, akicheza bao na babu yake barazani ashajua kete zitaishia shimo gani kabla babu hajamaliza kuzigawa. Lakini nikimuandikia 24 ÷ 4 ananitazama tu. Dadake tebo zote alizishika kwa kuimba, huyu ukimuimbia anaziba masikio. Kuna mtu kaniambia huyu ni wa kujifunza kwa mikono, nisimsumbue na kuandika. Ni kweli?

TichaShela: Waaleikum salaam dada. Anza na hilohilo bao. Lina safu 4 za mashimo 8, hiyo 4 × 8 = 32 iko mbele ya macho yake, na kete ni 64. Ahesabu kete 24 azigawe sawasawa kwa mashimo 4, ataona mwenyewe kila shimo lina 6. Halafu mpe 26, zile 2 zitakazomsalia mkononi ndio baki, ambayo huwatatiza wengi. Sasa usiishie hapo tafadhali, siku hiyohiyo achore duara 4 na nukta ndani, na chini yake aandike hesabu. Kesho achore bila kete, akishazoea aandike bila kuchora, akikwama mrudishe hatua moja nyuma.

MjukuuWaMsusi: Bibi yangu alikua akisuka mikeka, mie hesabu nimezijulia hapo, ukikosea mwaa mmoja ua lote linaharibika.

BabaMalindi: Hiyo ya kusema huyu wa mikono yule wa masikio mimi siipendi kabisa. Howard Gardner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika 1983 kwamba akili ni za aina nyingi, watu wakaichukua wakaanza kugawa watoto, na baadaye mwenyewe akasema aina za akili si sawa na mitindo ya kujifunza. Wangu aliambiwa ni wa kuchora basi akawa hapewi maswali ya maneno, saa hii yuko gredi 5 swali refu linamtisha, kila jioni nakaa nae tunasoma mstari kwa mstari. Mpe njia zote dada, kuandika pia.

MamaLangoni: Ahsanteni sana. Jana tumejaribu, 24 kagawa mara moja, kisha akaniuliza mwenyewe, mama na 30 je? Zikaingia 7 kila shimo, mbili akazifumbata ati hizi za babu. Kuchora amekubali, kuandika amegoma, nikamuacha alale. Leo baada ya isha tunarudi tena.