Re: Bega limeumia, kadi zimejaa, na kiwanja cha Buswelu

Shikamooni wakubwa. Nipo Iowa, kiwanda cha nyama. Bega limeumia nikiwa kazini, supavaiza ananiambia nitibiwe kwa bima yangu ya kawaida. Kazini siendi, kadi za mkopo zimejaa, naambiwa nitangaze kufilisika. Jamaa ananishauri kwanza niandikishe kiwanja changu cha Buswelu kwa jina la mama, halafu nimlipe dada wa Igoma hela aliyonikopesha. Nianzie wapi?

---

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Kabla sijarudi Nyegezi nilikuwa karani kwenye ofisi ya wakili huko Marekani. Mimi si wakili, ila fomu hizo nimezijaza mno.

Bega kwanza. Sheria ya fidia ya kazini haiulizi nani mzembe. Umeumia ukiwa kazini, basi matibabu na sehemu ya mshahara ni juu ya bima ya mwajiri. Iowa inakupa siku 90 kumjulisha mwajiri, nawe mjulishe leo, kwa maandishi, ubaki na nakala. Kufungua madai, kwa kawaida ni miaka 2 tangu uumie. Malipo ya wiki ni takriban asilimia 80 ya kinachobaki baada ya kodi. Wa kuchagua daktari ni mwajiri. Ukijiendea kwa wako bila idhini, bili inaweza kuwa yako. Wala usibebe ushauri wa binamu aliyeko Texas. Vijana wetu wa viwanda vya minofu hapa Mwanza wana WCF, mfuko mmoja wa fidia ya wafanyakazi wa nchi nzima, lakini huko kila jimbo na sheria yake, na Texas mwajiri binafsi halazimishwi hata kuwa na bima hiyo.

Sasa madeni. Hapa mtu akishindwa kulipa mkopo wa kausha damu, wanakuja kubeba sofa na televisheni. Huko ukifungua shauri la kufilisika, wadai karibu wote wanasimama hapo hapo, na simu zao, na makato ya mshahara. Sheria yao ya kufilisika ina njia mbili: Sura ya 7 ni ya wenye kipato kidogo, hufuta madeni mengi ndani ya miezi michache. Ada ni dola 338, na unaweza kuomba kulipa kwa mafungu. Sura ya 13 ni kulipa kidogo kidogo kwa miaka 3 hadi 5. Matunzo ya mtoto hayafutwi, na mkopo wa masomo ni kwa nadra.

Huyo jamaa yako ndiye atakayekuzamisha. Fomu inataka mali zako zote popote zilipo, unasaini chini ya kiapo, na Buswelu nako ni duniani! Ukikihamisha sasa, msimamizi wa ufilisi anaruhusiwa kuchimbua miaka 2 nyuma, wakati mwingine zaidi. Mahakama inaweza kukunyima msamaha wote, na kuficha mali kwa makusudi ni jinai, hadi miaka 5 jela. Hela ya dada ni vilevile: ukimlipa ndugu ndani ya mwaka mmoja kabla ya kufungua shauri, anaweza kudaiwa airudishe. Mwandike kwenye orodha ya wadai kama wengine. Mambo yakiisha, kumlipa kwa hiari yako hakuna anayekuzuia.

Kiwanja kinaweza kuuzwa kwenye Sura ya 7, sikufichi. Kinga ya Iowa ni kwa nyumba unayoishi. Kwenye Sura ya 13 unaweza kubaki nacho, mradi wadai wapate angalau thamani yake. Hilo kalipime na wakili.

Madai ya bega nayo yaandike. Sheria ya Iowa inaikinga fidia hiyo dhidi ya wadai, ila haikingi uongo.

---

Naongezea, nipo Minnesota. Kabla ya kufungua shauri lazima upate ushauri wa madeni kwa wakala aliyeidhinishwa, ndani ya siku 180. Na mawakili wa fidia mara nyingi hawadai hela mbele, wanakata asilimia kwenye unacholipwa. Wenzangu mnaolipwa kwa fomu 1099 kama wakandarasi, ninyi kwa kawaida hamhesabiwi kwenye fidia hiyo, ingawa waajiri wengine wanawaita wakandarasi ili kukwepa tu.

---

Asanteni sana. Supavaiza nimemwandikia, na mama nimemwambia asiende ardhi. Kuna deni la kikoba cha Kirumba, shilingi laki nane. Hilo nalo?

---

Nalo liandike. Ila aliyekudhamini kikoba atabaki anadaiwa hata wewe ukisamehewa, kwa hiyo mpigie kabla hajasikia kwa watu.