Wauza kamera za mirolesi, mnatuumiza sisi wapiga harusi wa Tanga!

Wakuu, salaam. Wasimamizi msiuhamishie uzi huu kwenye jukwaa la matangazo, mimi siuzi kitu. Nimeudhika na leo nasema.

Mimi ni mpiga picha na video za harusi hapa Tanga, upande wa akina mama, kule ambako mwanaume haingii. Juzi juzi nilimpigia muuzaji mmoja wa Dar, anauza mirolesi, hizi kamera za kisasa zisizo na kioo ndani. Duka silitaji, kamera siitaji, mwenyewe akisoma hapa atajijua. Nilimuuliza mambo mawili tu: nikiweka 4K, ile video ya ukali wa juu, inakata kingo za picha? Na fokasi, kule kukamata sura isiwe na ukungu, inabaki ile ile? Akanijibu, "Dada, hiyo ni mashine ya kisasa, inapiga 4K kali, we usiwaze." Hela ikaenda, mzigo ukapanda basi, nikaupokea stendi ya Kange.

Sasa njooni Ngamiani. Mnavijua vyumba vya kupambia bibi harusi kwenye zile nyumba za barabara za namba. Kitanda kimekula nusu ya chumba, kabati limekula robo, na kwenye robo iliyobaki wamo somo, mashangazi, mpaka hina na mtoto anayelilia soda. Mgongo wangu umegota kwenye kabati, lenzi iko milimita 24, yaani pana, na kwenye picha za mnato wote wanaenea. Nageuza kwenye 4K: fremu inajibana, nabaki na uso wa bibi harusi na nusu ya kanga ya mama yake. Nirudi nyuma niende wapi, nitoboe ukuta? Fokasi nayo imeshika pazia. Inaliacha, inakuja kwenye hina, inarudi kwenye pazia. Siku ya kukabidhi kazi, mama mtu kaitazama video weee, mwisho akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, mie na dada'angu tulikuwa wapi hapa?"

Ningemwambia nini?

Nilipompigia muuzaji, jibu: "Dada, labda hujazoea kuitumia." Yaani nimekula mkate wa kazi hii tangu enzi za kamera za kioo, leo nafundishwa na mtu ambaye hajawahi hata kubeba taa ya mpiga video.

Na haya mambo si siri. Watengenezaji wenyewe wanayaweka wazi kwenye vipimo vyao. Canon EOS RP ya 2019 ni fulu fremu, yaani sensa yake, kile kipande kinachonasa picha, ni kubwa, picha zake za mnato safi sana, lakini ukiiweka kwenye 4K inakata kwa 1.6, lenzi yako ya 24 inaona kama ya 38, yaani finyu zaidi, na ile fokasi yao nzuri ya Dual Pixel inazimika. EOS R ya 2018 fokasi hiyo inabaki, ila inakata zaidi, 24 inavuka 40. Ile M50 ndogo ya 2018 inayopendwa na wanaoanza nayo ni hivyo hivyo: sensa yake tayari ni ndogo, na 4K inakata tena juu yake. Halafu kuna Sony a7 III, nayo ya 2018, umri ule ule, 4K ya fremu 25 kwa sekunde inatumia upana wote wa sensa. Ina sehemu mbili za kadi za kumbukumbu, na betri yake imepimwa kwa picha zaidi ya 700 wakati ya RP ni kama 250. Canon R50 ya 2023, ndogo na si fulu fremu, 4K yake ya fremu 30 haikati kwa upana na fokasi iko kamili. Sasa mwambieni muuzaji awaeleze tofauti hizo. Atawaambia zote ni "mirolesi kali".

Sisemi moja mbaya nyingine nzuri. Anayepiga pasipoti na mahafali, RP itamtosha na chenji ya lenzi itabaki. Nachosema ni kwamba nimeuliza, nikadanganywa.

Na nyie ndugu zangu mnaolinganisha kamera kwenye video. Mnakaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, kamera juu ya stendi, mnapiga chombo cha maua, mnakuza picha mara nne kutafuta tofauti ambayo hata mwenye harusi hataiona. Nani kati yenu ameipeleka chini ya turubai saa nane mchana? R5 ilipotoka 2020, Canon wenyewe walisema 8K, video kali kuliko 4K, itakwenda dakika kama 20 kabla ya kuchemka, kwa joto la nyuzi 23. Nyuzi 23! Hiyo Tanga mjini unaipata wapi, labda upande Lushoto. Panasonic wao S5 II ya 2023 waliiwekea feni ndani, na hilo peke yake kwangu lina maana kuliko megapikseli zote mnazozipigia kelele, lakini kwenye ulinganisho wenu linapita kwa sekunde mbili.

Halafu zile dakika 29 na sekunde 59. Kamera nyingi za miaka ile zinajizima kurekodi hapo, na sababu inayotajwa sana ni ushuru ambao Ulaya ilikuwa ikitoza kamera za video, zile zinazorekodi nusu saa na zaidi. Ushuru wa Ulaya unamkata shehe katikati ya nasaha Chumbageni! Sawa, unabonyeza tena, lakini umwambie mnunuzi ajue mapema.

Za mitumba kutoka Japani sizimalizi leo. Sony nyingi zilizouzwa kule kwao zina menyu ya Kijapani tu, hakuna pa kubadilisha, na tangazo halisemi. Lenzi nazo, mulikeni tochi kwa nyuma, kuvu limejaa ndani na unaambiwa "ni vumbi dogo tu dada".

Wauzaji, kwenye tangazo andikeni haya: 4K inakata kiasi gani, fokasi inafanya kazi vipi humo, inarekodi muda gani bila kukatika, kadi ngapi, lugha ya menyu. Mistari mitano. Na mtu akirudisha mzigo siku ya pili ukiwa na karatasi zake zote, msimwambie "mali ikishatoka dukani haturudishi".

Mwenye kulijua duka, Tanga, Muheza au hata Korogwe, linalokubali ujaribu kamera kwa lenzi yako kabla ya kulipa, aliweke hapa hapa. Msinifuate pembeni, nataka wote walione.