Naomba ushauri: uvimbe wa tezi ya parathairoidi kwa dada yangu

Habari zenu, ndugu. Dada yangu ametibiwa mawe ya figo kwa muda mrefu, akilala na jagi la maji kando ya kitanda kwa kiu, bila mtu kumpima kalsiamu. Sasa imeonekana kuwa milimoli 3.6 kwa lita, yaani juu sana, homoni ya parathairoidi (tezi ndogo za shingoni zinazodhibiti kalsiamu mwilini) ipo juu mno, na shingoni kuna uvimbe unaopapasika. Amewekewa dripu na kupewa dawa ya kushusha kalsiamu.

Daktari anahofia saratani, ingawa kwa kawaida uvimbe wa tezi hizi si saratani, na amekataa kuchukua kinyama kwa sindano kwa kuwa seli zinaweza kusambaa. Anataka uvimbe utolewe mzima bila kupasuka, pamoja na nusu ya tezi ya thairoidi ya upande huo. Mimi naona ana hoja, lakini wazee wa ukoo wanasisitiza kinyama kipimwe kwanza.

Kwa aliyepitia upasuaji huu Dar es Salaam au Nairobi: ulimpataje daktari mpasuaji mzoefu, na picha ya tezi kwa dawa ya mionzi ulipigwa wapi? Pia, kalsiamu iliposhuka ghafla baada ya upasuaji, ganzi ya midomo na vidole ilidhibitiwaje?